Mlango wa Ngitili

Bisheni kabisa, nawaruhusu. Hata mzee wa kanisa aliyekaa pale mbele, ambaye huwa anaitikia kila kitu, leo atatikisa kichwa. Nina habari za ng'ombe waliokuwa wanakufa njaa huku wamesimama ndani ya majani yanayowafika kifuani. Si jangwani. Majani yamewazunguka mbele na nyuma, yanawakuna mbavu, na mbavu zenyewe unaziona ukiwa njiani. Asiyeamini anyooshe mkono. Haya, nimewaona. Shusheni, mtaihitaji mikono hiyo wakati wa sadaka.

Palikuwa na mfugaji kijana kule Usukumani, kwenye mbuga zinazopakana na hifadhi ya wanyama. Mtoto wake aliitwa Limi, basi na yeye tumwite Baba Limi, jina la ubatizo halituhusu. Alikuwa na maneno mengi na alijua kila kitu. Mtu wa kupendeza kwa kweli, alifanana na mimi.

Kule mwenye mifugo ana ngitili. Nyie mliokulia mjini nawaeleza: mvua zikianza unatenga kipande cha malisho, ng'ombe haingii, majani yanaachwa yasimame na kukaukia palepale, mpaka kiangazi kikibana ndipo unafungua. Ngitili aliyoachiwa na baba yake haikuwa na ua. Watu waliiheshimu kwa sababu mila imesema, lakini pundamilia hawajawahi kuhudhuria kikao cha mila. Masika yote walipita humo wakitoka hifadhini, nyuma yao nyumbu, nyuma ya nyumbu swala, wanakula wanavyotaka, wanajisaidia wanavyotaka, na mvua zikikaribia kuisha wanaondoka bila kuaga.

Baba Limi akasema upuuzi huo mwisho. Akakata miiba kiangazi kizima, akazungusha ua ambao hata sungura angekwama masikio. Upande wa njia, ambako watu hupita kwenda kisimani, akaweka mlango wa mbao wenye mnyororo na kufuli. Kufuli, jamani, la kufungia majani.

Jirani yake alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, na ngitili ya shemeji ilibaki wazi kama za zamani. Baba Limi hakumwachia nafasi.

"Shemeji, wewe hasa unafuga ng'ombe au pundamilia? Siku ukinichinjia si nitakuta nyama ina mistari?"

"Njoo tu ule," akasema shemeji. "Mimi nilikupa dada yangu bila kukuuliza wewe una mistari gani."

Mwaka wa kwanza majani ya Baba Limi yalisimama yakapendeza, wapita njia wakasimama kuyashangaa. Kila asubuhi utamkuta ameegemea mlango wake, mswaki mdomoni, anangoja kusifiwa. Kiangazi kilipofika hakufungua. Alisema hiki si kiangazi, hiki ni utani, majani tutayahitaji mbele. Mwaka uliofuata akasema hivyohivyo, na uliofuata tena. Ng'ombe wake wakawa wanachungwa mbali, wanaokota mabaki ya watu, na akiba yao inarefuka nyuma ya kufuli. Mnanipata? Alikuwa ameanza kuipenda ngitili kuliko ng'ombe. Na nani humu ndani ana sahani kabatini zinazomngoja mgeni ambaye hata hajazaliwa? Sitaji mtu. Mama, usiangalie chini, sijataja mtu.

Halafu kikaja kiangazi chenyewe. Mto ukabaki mchanga. Baba Limi akafungua kufuli mbele za watu, ng'ombe wakaingia mbio, na baada ya muda mfupi wakawa wamesimama tu. Yale majani yalikuwa yamezeeka juu ya majani mengine yaliyozeeka. Juu mabua ya kijivu, chini giza, na humo gizani hakuna jani laini, ila vichaka vya miiba vilivyoanza kujiotea. Ng'ombe akitafuna, anatafuna fagio. Tumbo linajaa, mwili unaisha. Maziwa yakakata, na Limi, ambaye ndio kwanza ameachishwa ziwa, akawa analilia kibuyu kitupu.

Kuchoma moto wazee walikataa, kwa upepo ule ungefika kwenye nyumba za watu. Basi Baba Limi akaamua kufanya kama wengi walivyofanya: kuwaswaga ng'ombe waliobaki mpaka kusini kabisa, akaanze upya kwenye nchi asiyoijua. Manyunyu ya kwanza yakilainisha njia, wanaondoka. Mkewe akamwambia yeye hahami. Alisema hivyo akiwa anasonga ugali, hakugeuka hata kumtazama, na mwanamke akikwambia neno wakati ana mwiko mkononi, ndugu zangu, usimwombe arudie.

Shemeji akaja, na safari hii hakutania. Alimweleza kwamba pundamilia ana tumbo la kumudu mabua ambayo ng'ombe hayawezi. Akipita anakata ya juu, mengine anayakanyaga, jua linafika chini, na kinachochipuka hapo ndicho wanachokula nyumbu na ng'ombe. Akamwambia ngitili ya baba yake haikuwa inaibiwa miaka yote ile, ilikuwa inahudumiwa.

"Ondoa ua, shemeji. Mvua zikigusa tu watakuja wenyewe."

"Nilinde majani miaka yote hii, halafu niwakaribishe punda wa porini?"

"Sasa hayo majani ni ya nani? Ng'ombe hawali. Na wewe sijakuona ukila."

Baba Limi akaondoka kwenda kuutazama ua wake. Siku kadhaa hakumtania mtu, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika ukoo wao. Kila asubuhi anakwenda mlangoni, anatazama, anarudi, anakuta ugali uko tayari, anakula. Manyunyu yakaja. Mizigo ikafungwa. Na asubuhi ile ya kuondoka, akiwa ameshika fimbo ya kuswagia, akaitupa chini.

"Mama Limi, nipe shoka."

"La kazi gani?"

"Nakwenda kuwafungulia."

Akaenda peke yake. Akatoa kufuli, maana alikuwa amelirudisha, akaufungua ule mlango kwa mkono wake mwenyewe, akausukuma mpaka mwisho.

Na wanyama wakaingia. Pundamilia walifyeka, nyumbu wakafuata, swala wakamalizia. Udongo mweusi ukaona jua, ukanywa mvua, ukala samadi, na masika hayajafika katikati, pale palipokuwa na mafagio palikuwa na majani mafupi, mabichi, laini, ungetamani uyatie chumvi ule. Ng'ombe wakawa nyuma ya nyumbu, vichwa chini. Kibuyu kikajaa. Limi akanawiri. Safari ya kusini hakuna aliyeitaja tena.

Sasa sisi. Jumatano kijiji kinakaa kuamua habari ya ile mbuga iliyobaki kati yetu na hifadhi, na najua kuna walioshanoa majembe, na kuna walioshakata miiba. Tunasema wale wanyama wanatula. Ni kweli ipo siku wanakula shamba la mtu, na huyo mtu simwambii acheke, tukae tumsaidie. Lakini yale majani ya mbugani nani kati yetu aliyapanda? Aliyeumba jani aliumba na mdomo wa kulila, akaupa miguu ya kulifuata. Tukiufungia nje ule mdomo, tunadhani tumeokoa nini?

Na wengine ua wetu hauko mbugani. Uko hapa kifuani. Kuna ndugu tumemzungushia miiba kwa sababu kila akija anatupunguzia. Upendo tunao, tele, umesimama, unazeeka, na mtu akituomba kidogo tunamwambia hiki si kiangazi, hiki ni utani. Lakini leo sikuja kuwalaza na huzuni. Majani hayana kinyongo. Miaka yote ile ya kufuli, mizizi ilikuwa hai chini. Ilikuwa inangoja jua tu. Ile mbuga yetu bado ina mizizi, na wewe, hata uwe umekauka namna gani, unayo.

Naona mzee wa kanisa ameridhika, anatafuta viatu kwa mguu. Subiri kidogo, baba. Kuna sehemu niliiruka, kwa sababu nilitaka wanaume waliomo humu wajisikie vizuri japo kidogo.

Baba Limi alifungua mlango, hilo sikuongeza chumvi. Lakini alipousukuma mpaka mwisho na kuinua macho, pundamilia walikuwa wameshaingia. Wako ndani, wanatafuna, wanamtazama kama mtu aliyekosea nyumba. Ule upande wa nyuma, ng'ambo ya mwinuko, ambako hapiti mtu wa kusifia na yeye alikuwa hakanyagi, ua haukuwepo. Mama Limi alikuwa anaubomoa tangu siku aliyosema hahami. Kila alfajiri mzigo mmoja wa miiba mikavu, anaufanya kuni. Ule ugali aliokuwa anarudi kuula, huku bado anafikiri aondoe ua au asiondoe, ulipikwa kwa ua.

Na sisi ndivyo tunavyokuja. Tumebeba shoka, tumejikaza, tunataka ionekane tumefungua wenyewe. Kumbe rehema ilishaingilia nyuma, na moto wake ndio uliotupikia siku zote hizi.

Akaufuata ua mpaka kule nyuma, akaona. Halafu akarudi nyumbani, shoka halijagusa kitu. Mkewe alikuwa jikoni, Limi mgongoni, mikono imechubuka mpaka kwenye viwiko. Akamuuliza kama wameingia.

"Wameingia," akasema.

"Basi nawa mikono, Baba Limi. Ugali unapoa."