Gauni la Pili la Mwajabu

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, maana simu za kupangusa zilikwishafika mpaka milimani, palikuwa na binti Lushoto akiitwa Mwajabu. Mama yake alifariki akimwacha bado ananyonya, akalelewa na shangazi yake, Bi Mwanamkuu, mjane asiye na mtoto mwingine. Nyumba yao ilikuwa nyuma ya soko. Mbele ya soko, kwenye kibaraza cha duka la nafaka, alikaa Bi Hidaya na cherehani yake.

Bi Hidaya ndiye aliyemshonea Mwajabu sare ya kwanza ya shule. Ndiye aliyeishusha pindo kila mwaka mtoto alipozidi kurefuka. Wala hakuwa na haja ya kumpima. Alimtazama tu anavyokuja, akasema, "Umeongezeka mabega, mwanangu," na nguo ikitoka, inamkaa. Na kila alipomaliza alisema neno lile lile: "Hizi zote najizoeza. Gauni la harusi yako ndilo nitakaloshona."

Basi miaka ikaenda. Mwajabu akaposwa na Mbaruku, mwalimu wa hesabu kutoka Soni, mtu mpole wa maneno machache. Siku ya harusi ikapangwa. Ndipo Saumu akaja na simu yake.

Saumu alikuwa shoga yake Mwajabu tangu darasa la kwanza. Alikuwa na kibanda cha kuuza vocha na makava ya simu, na yeye ndiye aliyewaagizia watu wa mtaa vitu kutoka ng'ambo kwa mtandao. Viatu aliagiza, mapazia aliagiza, nywele za bandia aliagiza. Bei zilikuwa za chini mpaka watu wakauliza hao wauzaji wanakula nini.

"Tazama hili, Mwaja," akasema Saumu.

Mwajabu akatazama. Gauni jeupe, mikono ya lesi nyepesi kama ukungu wa asubuhi, shanga ndogo kifuani, mkia uliotiwa shanga, unaoburuzika hatua tatu nyuma ya mvaaji.

"Kitambaa peke yake hapa dukani kinazidi bei ya hili zima," Saumu akasema. "Na hapo hujamwona fundi."

Mwajabu alimfikiria Bi Hidaya. Akafikiria na mitindo ya Bi Hidaya, mikono iliyotuna kama maandazi na kola ya duara. Akaitazama picha mara ya pili, akaitazama mara ya tatu.

"Agiza," akasema.

Tangu siku ile Mwajabu aliacha kupita mbele ya soko. Akitumwa chumvi, anazunguka kwa njia ya msikitini. Akitumwa mafuta ya taa, anazunguka kwa njia ya msikitini. Bi Hidaya aliona kwamba hapiti. Hakuuliza.

Mzigo ulichelewa. Zikabaki siku kumi, haujafika. Zikabaki siku saba, haujafika. Saumu akafunga kibanda chake, akapanda basi mpaka Tanga, akakaa kwenye benchi la wakala wa mizigo kutwa mbili, kila saa akisimama kuuliza, mpaka wakachoka naye wakaenda kutafuta nyuma ya stoo. Akarudi Lushoto siku nne kabla ya harusi, kifurushi kakumbatia kifuani.

Walikifungua chumbani, wao watatu: Mwajabu, Saumu na shangazi. Gauni lilikuwa lile lile la kwenye picha. Lesi ile ile, shanga zile zile. Mwajabu akaliingia, likapanda mpaka kiunoni, likapandishwa kwa shida mpaka kifuani, zipu ikagoma. Mgongoni pakabaki wazi, kiganja kizima kinapita.

"Niliandika saizi yako," Saumu akasema polepole. "Ile unayonunulia hapa." Kisha akaketi kitandani. "Wenzetu huko saizi zao ni ndogo. Nilijua. Niliwahi kuletewa viatu hivyo hivyo. Nikasahau."

Mwajabu hakulia. Alisimama akijitazama kwenye kioo, nusu bibi harusi, nusu mgongo wazi.

"Twende kwa Hidaya," shangazi akasema.

"Siwezi, shangazi. Nitamwambia nini?"

"Usimwambie kitu. Simama tu mbele yake."

Wakaenda. Safari hii Mwajabu akapita mbele ya soko. Bi Hidaya alikuwa ameinama, anatunga uzi kwenye sindano. Akainua macho.

"Shikamoo, Bi Hidaya."

"Marahaba, mwanangu." Akamtazama toka juu mpaka chini. "Umepungua. Huli?"

Hapo ndipo Mwajabu alipolia. Bi Hidaya akamwacha alie. Akalitoa gauni kwenye mfuko, akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mishono.

"Wameshona kwa haraka," akasema. "Ila aliyelikata anajua kukata." Akalitandika juu ya meza. "Kulipanua naweza. Lakini ndani hawakuacha ziada hata ya ukucha. Nataka kitambaa cheupe, kizito, chenye mng'aro kama huu. Soko zima hakuna. Nakijua kila kitambaa cha soko hili."

Bi Mwanamkuu akasikia, akaenda nyumbani. Aliporudi alikuwa na kitu kimefungwa ndani ya kanga. Akakifungua pale mezani. Lilikuwa gauni lake mwenyewe la harusi, satini nyeupe iliyoanza kuwa rangi ya maziwa, mikono imetuna kama maandazi, kola ya duara.

Mwajabu alilijua gauni lile. Kila mwaka, siku ile ile aliyoolewa, shangazi alilitoa sandukuni, akalianika ndani kivulini, akalikunja akalirudisha. Mumewe alikaa naye miaka miwili tu, ndipo Mungu akamchukua. Picha hawakupiga. Kilichobaki cha siku ile ni gauni.

Na kuna jambo Mwajabu hakulijua mpaka alipouona uso wa Bi Hidaya.

"Hili nililishona mimi," Bi Hidaya akasema. "Lilikuwa gauni langu la kwanza la harusi. Nilishona, nikafumua, nikashona. Mwanamkuu, hili silikati."

"Kata."

"Mkono hautaki."

Bi Mwanamkuu akauchukua mkasi. Akaushika kama mtu asiyeuzoea, akaweka ncha kwenye pindo, akakata mpaka kiunoni. Kisha shangazi akamrudishia Bi Hidaya mkasi wake.

"Sasa limeshaanza," akasema. "Malizia."

Siku mbili Bi Hidaya hakupokea kazi nyingine. Aliwarudisha wenye suruali, akawarudisha wenye sare. Satini ya shangazi akaiunga pande zote mbili za gauni la ng'ambo, kutoka kwapani mpaka chini, shanga akazitoa mkiani akazihamishia kwenye mshono, moja moja, ili jicho lisione mahali pa kuungia. Macho yake hayakuwa mazuri tena. Kila baada ya muda aliyafumba, akahesabu pumzi, akayafumbua, akaendelea.

Jumapili Mwajabu akaolewa. Alipoingia, ukumbi mzima ukageuka kumtazama. Watu walisema gauni zuri, la ng'ambo hilo. Yeye akitembea alihisi mbavuni ile satini, nzito na baridi kidogo, kama mikono miwili imemshika.

Kwa kawaida habari ingeishia hapo. Lakini Saumu alikuwa hajamaliza. Tangu siku ile ya kioo alikuwa akiwaandikia wale wauzaji. Akaandika, hawakujibu. Akapiga picha ya mgongo ulioachama, akatuma, wakajibu pole. Akaandika tena kwamba pole haivaliki. Akawaandikia asubuhi, akawaandikia mchana, siku thelathini na moja. Na siku ya thelathini na mbili wakamwambia: tumekutumia jingine, la kwanza usirudishe.

Likafika. Mwajabu alikuwa amehamia Soni kwa mumewe. Saumu akalipeleka, na kwa kuwa shangazi na Bi Hidaya walikuwa hawajamtembelea bibi harusi, wakaenda wote watatu. Wakaketi sebuleni. Gauni likatandikwa kochini, jipya, kamili, saizi kubwa, na kila mmoja wa wageni wale lingemwingia. Mwajabu akawaambia yeye ameshavaa lake, hili litakuwa la mmoja wao, na kila mmoja aseme haja yake.

"Mimi naolewa mwezi wa sita," Saumu akasema. "Sitaki kuzunguka, Mwaja, nasema wazi. Gauni hili lipo kwa sababu niliandika. Nisingeandika, lisingekuwepo duniani. Na lile la kwanza nililifuata Tanga. Najua niliikosea saizi. Lakini hiyo saizi ndiyo nimeilipia kwa siku thelathini na mbili."

Bi Hidaya alikuwa anashika pindo, hawezi kujizuia. "Mimi nikilipata nitalifumua," akasema. "Usinitazame hivyo, Saumu. Nitalifumua lote, nione mikono imekatwaje, nitoe ramani yake kwenye karatasi. Mabinti wa mji huu wananipita kwa njia ya msikitini. Nikijua mtindo huu hawatanipita. Nilikupa macho yangu siku mbili, Mwajabu. Na gauni lililokatwa lilikuwa kazi yangu pia."

Ikawa zamu ya Bi Mwanamkuu. "Mimi sina pa kulivaa," akasema. "Wala sina cha kujifunza kwake. Ila sanduku langu limebaki na mikono miwili na kola. Mwaka huu siku yangu ilipofika nilifungua, sikuwa na kitu cha kuanika. Nilikata mwenyewe, sikulazimishwa, na kesho ningekata tena. Lakini umeniuliza, nami nimesema."

Hakuna aliyempinga mwenzake. Saumu alimsogezea shangazi mto wa kuegemea. Bi Hidaya alimpangusa Saumu uzi begani. Wote watatu wakamtazama Mwajabu kwa upole, na upole huo ndio uliomlemea.

"Nichemshe chai kwanza," akasema.

Akaingia jikoni. Mlango ulikuwa wazi nusu, akawaona wote watatu. Yule aliyekosea, akapigana mpaka akarekebisha. Yule aliyepitwa, akafungua mikono bila kuuliza. Yule aliyempa kitu pekee alichokuwa nacho cha mume wake. Maji yakachemka. Akatia majani, akatia tangawizi, akatia sukari. Chai ikafurika, ikazima moto, naye bado kasimama.

Mnaonisikiliza, mfuateni Mwajabu pale jikoni mumsaidie. Akitoka na sinia la chai lazima atoke na neno. Gauni ni moja na wanawake ni watatu. Je, amkabidhi nani?