Mkono wa Kushoto wa Dokta Dzifa

Saa tatu asubuhi, siku ya kwanza ya muhula, chaki ilimponyoka Dokta Dzifa Agbeko ikavunjika sakafuni. Ukumbi ulikuwa bado mtupu. Aliyeshuhudia ni Selorm, msaidizi wake wa utafiti, aliyekuwa akipanga mabonge ya udongo mezani.

Dokta Dzifa alikuwa amefundisha elimu ya udongo katika chuo cha mji wa Ho, nchini Ghana, tangu nywele zake zikiwa nyeusi tititi. Kisha kiharusi kikauacha mkono wake wa kulia ukining'inia kama tawi lililovunjika. Profesa Amegashie, mkuu wa idara, alimpa kipindi kimoja cha majaribio, cha asubuhi hiyo. Asipokimudu, angehamishiwa ofisi ya usajili, akagonge mihuri hadi astaafu.

"Mama, niache niandike mimi ubaoni," Selorm alisema.

"Nikishikiwa chaki watasema nimekwisha."

"Basi tumia mkono wa kushoto, angalau kuwapa wanafunzi udongo."

"Wewe umekulia wapi? Hata ugali wa akple huli kwa kushoto, sembuse kumpa mtu kitu!"

Alisema kweli. Kwa Waewe, kabila lao, kutoa kitu kwa mkono wa kushoto ni tusi, isipokuwa mtoaji atangulize radhi: "Ni wa kushoto." Mpokeaji naye humwondolea aibu kwa kumjibu: "Ni mkono." Dokta aliyajua hayo tangu utotoni. Lakini kuomba radhi mbele ya ukumbi mzima aliona ni kuomba huruma.

Wanafunzi waliingia, Profesa Amegashie akaketi nyuma. Dokta alieleza vizuri, ila ubao ulibaki mtupu, na udongo, ambao kila mwaka wanafunzi waliushika na kuufinyanga, haukutoka mezani. Alijaribu kuinua bonge kwa mkono wa kulia. Likaanguka, likapasuka. Mtu akaguna. Profesa akatazama saa yake.

Selorm aliinama, akaokota vipande. Aliviweka mezani upande wa kushoto wa Dokta, kisha akasimama kando ya ubao, mikono mitupu, akasubiri.

Dokta alimtazama. Kijana huyu, yeye mwenyewe ndiye aliyempokea chuoni akiwa hajui kutofautisha udongo wa mfinyanzi na tope. Na Dokta alipolazwa hospitali, Selorm ndiye aliyemnywesha uji kijiko kwa kijiko, wala Dokta hakuona haya kunyweshwa.

Akachukua kipande kwa mkono wa kushoto, akamnyooshea msichana wa mstari wa mbele.

"Ni wa kushoto," alisema.

Msichana aliinuka, akapokea kwa mikono miwili. "Ni mkono, Mama."

Akampa mwanafunzi wa pili. Safari hii ukumbi mzima ulijibu: "Ni mkono!"

"Na mtihani utupe kwa mkono huohuo," mchokozi mmoja alipaza sauti kutoka nyuma, "huenda ukawa mwepesi!"

Dokta alicheka hadi akashika meza.

"Selorm, mwanangu, shika chaki. Ukikosea hata herufi, nakufukuza."

Kipindi kilipokwisha, Profesa Amegashie alishuka hadi mbele, akaomba naye bonge. Dokta akampa.

"Ni mkono," Profesa alisema. Akaufinya udongo kidogo, kisha akawageukia wote wawili. "Kipindi kijacho ni Jumatano, saa tatu. Msichelewe."

Jumatano, saa tatu, Dokta Dzifa alifundisha na Selorm akaandika. Mkono mmoja haulei mwana.