Taa Iliyokunywa Bwawa la Kiboko

"Paukwa, nyinyi mnaocheka kabla ya wakati!"

"Pakawa! Tupe tucheke kwa haki!"

Hapo kale wanyama walichoshwa na giza. Wakabeba mawe, wakaziba mto, wakapata bwawa. Chini ya ukuta wakaacha lango, mbele ya lango wakaweka gurudumu. Maji yakatoka, gurudumu likazunguka, wrr-wrr-wrr, taa zikawaka, pwaa! Mama Kanga akahesabu vifaranga wake bila kupapasa. Chui peke yake alinuna: "Sasa nikinyata, kila mtu ananisalimia!"

Tatizo lilikuwa Kiboko. Aliingia bwawani kuoga, akanogewa, hakutoka tena. Akalivuta lango mpaka ukabaki ufa tu. Akanguruma: "Maji yangu, bwawa langu, taa yangu!"

Taa zikafifia. Huko chini mto ukawa tope, tope likapasuka. Kambare wakagonga ukuta kwa vichwa, ko-ko-ko, hawana pa kupita. Bi Kaa, mwenye watoto wengi kuliko miguu yake, aliwafunika kwa majani mabichi wasikauke. Majani nayo yakakauka.

Akapanda ukutani, upande-upande, kata-kata-kata.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba. Sema upesi."

"Wanangu wanakufa kwa kiu. Fungua lango kidogo."

"Halafu mimi nioge na nini? Mate yako? Maji yangu, bwawa langu, taa yangu!"

Bi Kaa akalia njia nzima. Alipofika, alimkuta mwanawe mdogo hana nguvu hata ya kufinya. Akafuta macho. Jioni ile ile akarudi, kata-kata-kata, akaitazama taa, akacheka kwi-kwi-kwi.

"Unacheka nini?"

"Si mimi, mzee. Ni Tembo. Anasema taa yako kimulimuli anaishinda kwa makalio."

"Kimulimuli!"

"Nami nikakutetea. Nikamwambia, taa hula maji. Mzee ameinyima chakula tu."

Kiboko akasukuma lango likafunguka kidogo. Wrr-wrr!

"Inang'aa?"

"Inang'aa, ila Tembo bado anacheka."

Akasukuma tena. Wrrr-wrrr!

"Inang'aa?"

"Kama mwezi, mzee. Lakini mtu kama wewe ni wa mwezi, au wa jua?"

Kiboko akalisukuma lango kwa matako yote mawili. Ghubwaaa! Kukawa mchana. Kanga wakaamka wakidhani kumekucha. Kiboko akaachama kwa furaha, meno yakimetameta. Huko chini maji yakaingia kwenye nyufa, bubu-bubu-bubu, na yule mwana mdogo wa Kaa akamfinya kaka yake.

Kisha wrr... wr... zii. Giza. Kiboko akahisi tope chini ya tumbo.

"Bwawa langu liko wapi?"

"Limekuwa mwanga, mzee. Umelitazama lote."

Akajitutumua, akakwama. Wanyama wakaja na kamba, wamekasirika kwa kurudishiwa giza. Lakini hawakuvuta mpaka Kiboko alipoapa: lango liachwe wazi kiasi siku zote, taa ziwake kwa wastani, na kambare wachimbiwe njia pembeni. Akaapa. Wakavuta. Chopwe!

Mvua ziliporudi, bwawa likajaa, lakini si kama zamani. Kiboko sasa huoga mgongo nje, na akiulizwa, husema maji ya kina kirefu huharibu ngozi.

Basi funzo ni hili: mkipata bwawa, kaeni gizani mlilinde. Taa ndiyo mlafi. Kiboko wa watu hana kosa.

Hadithi nimeimwaga. Aliyekinga amekinga, aliyelowa akajianike!