Mgombea Asiyegeuka Nyuma

Paukwa!

Pakawa.

Pakawa nini?

Dimbwi.

La nani?

La wote.

Na aliyelala ndani?

Mmoja.

Basi sogeeni, nimechoka, nisimulie kabla koo halijanikauka.

Kiangazi kile mito ilikatika, likabaki dimbwi moja tu, na ndani ya dimbwi alijaa Kiboko. Alijaa kweli, maji yakawa kama nguo inayombana. Alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza ni soko: funda moja la maji kwa mzigo mmoja wa majani mabichi. Hulazimishwi, usipotaka usinunue. Na majani mabichi yalikuwa wapi? Ukingoni mwa dimbwi. Na ukingo ulikuwa wa nani? Haya.

Sheria ya pili ni kura. Kila kiangazi wanyama walipanga mstari nyuma ya mgombea wanayemtaka awe mlinzi wa maji, na mwenye mstari mrefu ndiye mshindi. Mgombea haruhusiwi kugeuka nyuma, maana jicho la mgombea ni vitisho. Mila nzuri sana. Kiboko hakugeuka hata siku moja. Alizungusha tu vile visikio vyake, zungu, zungu, akajua nani hayupo, na asiyekuwapo alilamba tope mpaka mvua.

Wanyama wakashinda wakibishana. Nyumbu alisema soko ndilo linalompa mnyama uhuru, kwani leo anakataa, kesho anakubali, hangoji kiangazi kingine. Ngiri alisema ni kura, kwani hata asiye na jani ana miguu ya kusimama mstarini. Walibishana asubuhi, wakabishana jioni, ndimi nje, na Kiboko dimbwini akipiga miayo: aaah.

Pimbi hakuwa upande wowote. Alishanunua mpaka hakuna jani, alishapiga kura mpaka miguu imemuuma. Sasa mwanawe Tindi alikuwa ameacha kulia tangu jana, na mama yeyote anajua mtoto wa kiu akinyamaza ni nini kinafuata. Basi akaenda kwa Kiboko, akasema na yeye anagombea.

"Wewe?" Kiboko akamtazama kwa jicho moja. "Mstari wako utatosha kunikuna kisigino?"

"Tutaona, mheshimiwa."

Siku ya kura Pimbi aliwapitia wanyama wenzake mmoja mmoja akiwanong'oneza neno lile lile: simama nyuma ya Kiboko, na yeye akiondoka, wewe usiondoke. Wakasimama. Hata mama yake mzazi, aliyembeba Tindi mgongoni, alisimama nyuma ya Kiboko. Nyuma ya Pimbi kilibaki kivuli cha Pimbi.

Wagombea wakakaa mbele, uso kilimani, mgongo majini.

"Mheshimiwa," Pimbi akasema, "watu wako wamebanana kama chango tumboni. Walio ng'ambo ya kilima watadhani umepata kura chache. Tusogee mbele, mstari unyooke."

Kiboko akasogea: tu, tu, tu.

"Umenyooka?"

"Bado kidogo, mheshimiwa."

Tu, tu, tu. Jua likamshika mgongo. Nyuma yao ikaanza: chalapu, chalapu, chalapu.

"Nini hicho?"

"Makofi, mheshimiwa."

"Mengi hivyo?"

"Si uliwataka wote?"

Tu, tu, tu. Ngozi ya Kiboko ikaanza kulia, kwaa! kwaa!, kama chungu kilichosahauliwa motoni. Pimbi naye hakuruhusiwa kugeuka. Alitega sikio tu, akitafuta ndani ya kelele zile kijisauti kimoja. Wakafika katikati ya kilima, hakijaja. Wakapita katikati. Ndipo kikaja: ngaa! Tindi analia, kilio kinono, kilio chenye maji ndani.

"Na huyo anayelia?"

"Furaha, mheshimiwa," akasema Pimbi.

Kileleni ndege Korongo, aliyezihesabu kura kabla hawajaondoka, akatangaza: Kiboko kura zote, Pimbi hana hata moja. Mshindi akageuka kuwapungia watu wake. Mstari haukuwapo. Watu wake wote walikuwa dimbwini, maji shingoni.

Akateremka akichechemea, ngozi imepasuka, akaomba nafasi. Nyumbu akamwambia soko ni lile lile, mheshimiwa, funda kwa mzigo, hulazimishwi. Ngiri akasema hapana bwana, tusimuuzie, tupige kura kama aingie au asiingie. Nyumbu akauliza kura ilimnywesha nani. Ngiri akauliza soko lilimnywesha nani. Wakatoka majini ili wabishane vizuri, na wengine wakatoka kuwasikiliza.

Kiboko akatia mguu mmoja. Akatia wa pili. Chubwi! Kisha: aaah.

Pimbi alimpokea Tindi, tumbo limekaza kama ngoma.

"Umeshindwa, mwanangu?" mama yake akamuuliza.

"Vibaya sana, mama," akasema, akapanda mwambani kulala.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, mliisikiliza wenyewe. Na funzo lake ni hili: mpigieni kura mwenye shingo nene, nunueni kwa bei yake, wala msiache kubishana, maana maji huwasubiri wenye hoja.