Mkimbiaji Aliyerudisha Pasipoti

Kaa vizuri, msomaji, na ufunge kamba za viatu, maana kisa hiki kinakwenda mbio na hakimsubiri mtu.

Katika nchi moja ya milima na baridi kali alikuwako mkimbiaji aitwaye Damiani Tluway. Kijana alikuwa na miguu huyo! Tatizo lake lilikuwa moja tu. Kila mwaka timu ya taifa ilichukua watu watatu wa mbio za kilomita arobaini na mbili, na kila mwaka Damiani alikuwa wa nne. Mwaka wa kwanza wa nne. Mwaka wa pili wa nne. Mwaka wa tatu, akapitwa na mdogo wake wa mazoezini, kijana mpole aitwaye Sulle, akawa wa nne tena.

Siku moja akaja wakala kutoka nchi ya mbali, tajiri, isiyokuwa na mkimbiaji hata mmoja.

"Kwetu huna wa kushindana naye," wakala akamwambia. "Mashindano ya dunia mwakani utakwenda wewe. Ila sheria yetu haitaki mtu mwenye nchi mbili. Ukane uraia wako kwanza, utuletee hati, nasi ndani ya siku tisini tutakupa wetu."

Damiani aliruka juu kwa furaha. Akakimbia moja kwa moja mpaka kwa Kocha Hotay, mzee aliyemfundisha tangu shule ya msingi, akamwonyesha barua.

"Mwanangu," kocha akasema, "usiache mbachao kwa msala upitao."

"Kocha, huu haupiti. Umenifuata mpaka mlangoni na umekaa!"

Asubuhi ya pili alikuwa ofisi ya uhamiaji, mbele ya Bi Felista, mama wa makamo mwenye miwani na subira nyingi. Bi Felista aliisoma barua ya wakala mara mbili.

"Mwanangu, hii ni ahadi. Ahadi si pasipoti. Pata kwanza ya kule, halafu uje unikabidhi hii."

"Mama, ya kule hawanipi mpaka nikabidhi hii."

"Basi hapo katikati utakuwa raia wa wapi?"

"Siku tisini tu, Mama! Mimi ni mtu wa mbio."

Fomu ilikuwa na kurasa nne, na ukurasa wa tatu ulieleza wazi kwamba anayekana uraia kabla ya kupata mwingine, yatakayomkuta ni juu yake mwenyewe. Damiani aliusoma mstari wa kutia sahihi tu. Akasaini, akarudisha pasipoti, akatoka nje kifua mbele. Mwandishi wa redio alikuwa akimsubiri, na wakimbiaji wenzake walikuwa wamekuja kuona.

"Bakini na nafasi zenu tatu!" Damiani akasema kwenye kipaza sauti, akimtazama Sulle. Sulle akainamisha kichwa. Mama yake Damiani, aliyekuwa nyumbani anachambua maharage, akazipata habari hizo kwenye redio kama watu wengine wote.

Siku ya arobaini, mazoezini, msuli wa paja ukachanika. Daktari akasema apumzike miezi mitano. Jioni hiyo wakala akatuma ujumbe: "Tumepata mwingine. Tunakutakia afya njema." Damiani akapiga simu mara kumi na saba. Haikupokelewa hata mara moja.

Akaenda kwa Bi Felista anachechemea. "Mama, nirudishie pasipoti yangu."

"Hati imekwisha pitishwa, mwanangu. Kisheria wewe sasa ni mgeni hapa."

"Mgeni kutoka wapi?"

"Hapo ndipo penye shida," Bi Felista akajibu, na kwa kweli alikuwa na huzuni.

Ndugu msomaji, hapo ndipo Damiani alipojua kwamba uraia ni kama chumvi. Ikiwamo huisemi. Laini yake ya simu ikafungwa, kwa kuwa kitambulisho chake hakikuwa halali tena. Nyumba ya wageni ikamkatalia chumba. Akaalikwa mbio nchi jirani, na mpakani upande wa huku wakamwambia, "Huna hati ya kutokea," na alipowasihi wa upande wa kule, nao wakamwambia, "Hata ukivuka tutakurudisha wapi?" Alisimama baina ya vizuizi viwili siku nzima, malori yanapita, kuku kwenye matenga wanapita, yeye hapiti. Akarudi nyumbani na aibu iliyomlemea kuliko begi.

Paja likapona. Mwaka ukazunguka, zikafika mbio kubwa za mkoa, zile zile za kuchagua timu ya taifa. Damiani akaenda kujiandikisha. Karani akamwuliza nchi yake, akaanza kueleza kisa kirefu, karani akaita, "Anayefuata!"

Kocha Hotay ndiye aliyeona upenyo. Mbio ndefu huwa na mtu wa kuwavuta wenzake kwa kasi, ambaye wakimbiaji humwita sungura. Sungura haulizwi nchi. Anaongoza mpaka kilomita ya thelathini, anatoka pembeni, anapewa maji, basi.

"Utakimbia japo kidogo," kocha akasema.

Damiani akakubali, lakini moyoni alikuwa na lake. Nikiukata utepe wa kwanza mbele ya umati wote huu, aliwaza, ni karani gani atathubutu kusema mimi si mtu wa hapa?

Bastola ikalia. Lo, mbio zile! Damiani alitoka kama aliyefukuzwa na nyuki. Kilomita ya kumi, kundi la ishirini liko nyuma yake. Ya ishirini, wamebaki wanane. Ya ishirini na nane wamebaki wanne, na Sulle yumo, pumzi zake zinasikika. Ilipofika ya thelathini, msimamizi akapunga kitambaa chekundu: sungura, toka!

Damiani hakutoka.

Watu wakalipuka kwa shangwe barabara nzima. "Damiani! Damiani!" Mama muuza ndizi akaacha beseni lake akakimbia naye hatua hamsini. Kilomita ya arobaini wamebaki wawili, Damiani na Sulle, bega kwa bega, jasho linachuruzika. Wakaingia uwanjani pamoja. Mita mia mbili. Mita mia. Damiani akafumba macho, akachomoka, akaukata utepe kwa kifua!

Uwanja ulitetemeka. Akainua mikono, akasubiri jina lake.

Kipaza sauti kikakohoa. "Mshindi wa mbio za mwaka huu, na rekodi mpya ya taifa... Sulle!"

"Mimi ndiye wa kwanza!" Damiani akapiga kelele. "Si mmeona? Mmeona wote!"

Mwamuzi mkuu akamsogelea, akasema kwa upole, "Tumeona, kijana. Lakini humo kwenye orodha hatukukuandika, na hata sasa tukitaka kukuandika, hatujui tukuandike wa wapi."

Damiani akaketi chini kwenye nyasi. Alikuwa amekimbia kuliko watu wote nchini, na bado hakuwa amefika. Akalia wazi wazi, bila kuficha uso.

Hapo ndipo lilipotokea ambalo hakulitarajia. Mgeni rasmi alimvisha Sulle medali, akamwuliza kama ilivyo desturi, "Mshindi, una neno?" Sulle, yule yule aliyeinamisha kichwa siku ile, akashika kipaza sauti.

"Mheshimiwa, rekodi hii nimevutwa. Aliyenivuta yuko pale chini kwenye nyasi. Naomba asikilizwe."

Mgeni rasmi akatikisa kichwa. "Mwanangu, uraia si zawadi ya kugawa jukwaani. Hata mimi sina mamlaka hayo."

Kutoka viti vya nyuma mama mmoja mwenye miwani akasimama. Alikuwa Bi Felista. "Jumatatu saa mbili asubuhi aje ofisini," akasema kwa sauti kubwa. "Njia ipo, ila ni ndefu. Aje na watu watano wanaomfahamu tangu utoto."

Jumatatu yakaja malori mawili. Watu sitini na watatu! Kocha Hotay na timu nzima, Sulle na medali yake shingoni, majirani, mama yake Damiani, mama muuza ndizi.

"Nimesema watano!" Bi Felista akashangaa.

"Chagua, mama," kocha akajibu. "Sisi tupo."

Bi Felista akamweleza Damiani bila kumficha. Hakuna kurudishiwa, ni kuomba upya kama mgeni mwingine yeyote. Kusubiri ni miaka mitano. Mashindano ya dunia yatampita, na atakapoweza tena kuvaa jezi ya taifa atakuwa na miaka thelathini na miwili.

"Nitasubiri," Damiani akasema.

Akaanza kujaza fomu. Jina, akaandika. Tarehe ya kuzaliwa, akaandika. Palipoulizwa "Nchi unayotoka", kalamu ikasimama. Watu sitini na watatu wakanyoosha shingo.

Mama yake akajipenyeza mpaka mezani. "Mbona umesimama?"

"Wanauliza ninatoka nchi gani, Mama. Sina."

Mama akamgeukia Bi Felista. "Wewe mwenzangu, umezaa?"

"Nimezaa."

"Basi andika ametoka kwangu. Na mimi natoka hapa."

Bi Felista akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Sheria ilimruhusu kuandika neno moja tu mahali pale, naye akaliandika: "Hana." Kisha akafungua ukurasa wa wadhamini, mstari wa kwanza, akausogeza mbele ya yule mama.

"Hapa sheria inanipa nafasi," akasema. "Weka dole gumba."

Mama akalichovya kwenye wino, akaligandamiza kwa nguvu zake zote, mpaka alama ikatokea hata kwenye ukurasa wa pili.

Funzo: Ukitaka kuhama nyumba, hama, ila usibomoe ya kwanza kabla hujashika ufunguo wa ya pili, na ukimwona aliyebomoa amesimama mvuani, usimcheke, msogezee paa.