Kidumu cha Mama Mkwe

Nisikilizeni, wapendwa, hasa ninyi mnaosifiwa kijijini kwa kutunza wazee.

Alikuwepo mwanamke mmoja, ameolewa kwenye nyumba ya mteremkoni, akiishi na mama mkwe wake. Mama huyo aliteleza jikoni, mkono ukavunjika. Hospitalini wakasema mifupa yake imekonda, kama inavyowapata wanawake wengi wakishavuka umri wa kuzaa. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akamkazia macho mkaza mwana.

"Mkono ukipona, ainuke kitini mara kumi bila kushika kitu, asubuhi na jioni. Apande hadi bombani na kidumu cha lita mbili. Mfupa usiopewa kazi hudhoofika."

Mkono ukapona, mama akachukua kidumu chake. Siku ya pili tu, jirani akapaza sauti ng'ambo ya ua: "Makubwa haya! Mkwe anachota maji, na mkaza mwana yupo?"

Mkaza mwana uso ukamwaka kwa aibu. Akatoka mbio, akampokonya kidumu.

"Kaa, mama. Watasema nakutesa."

"Lakini mwanangu, mtaalamu alisema..."

"Mtaalamu haishi hapa!"

Tangu siku ile mama akawa wa kuketi. Chakula kitini, maji kitini. Majirani wakasifu, na sifa, jamani, zilimnogea mkaza mwana. Ila kila mama alipojaribu kuinuka, magoti yakitetemeka, mkaza mwana roho ilimruka. Alijua. Akamrudisha kitini.

Masika yakaingia. Asubuhi moja akasikia kishindo kizingitini. Safari hii ilikuwa nyonga.

Hospitalini, mtaalamu yule yule akauliza, "Mazoezi alifanya?"

Mkaza mwana akamtazama mama pale kitandani, akingoja kuumbuliwa.

Mama akajibu taratibu, "Uvivu wangu mwenyewe, mwanangu. Huyu alinihimiza kila siku."

Mkaza mwana akapiga magoti sakafuni, akalia kwa sauti mbele za watu.

Sasa niambieni, sisi tunawatunza mama zetu au tunatunza majina yetu? Tumeambiwa tuwaheshimu. Nani alituambia tuwaketishe mpaka washindwe kusimama? Leo ukifika nyumbani, ukamkuta mama ameshika kidumu, usimpokonye. Panda naye mlima, polepole. Jirani akisema, mwache aseme. Nyonga si yake.