Uzi wa Zambarau wa Bibi Irini

Wamesimulia waliotutangulia kwamba katika mji wa Akhmimu, huko Misri ya juu, aliishi mfumaji wa Kikibti, yaani Mkristo wa Misri, aitwaye Pisenti, mja mwenye kumcha Mungu. Desturi ya mji ule ilikuwa kumzika maiti na kanzu yenye nakshi kifuani: njiwa na tawi la mzabibu, alama ya roho iliyopata raha kwa Mola wake. Na uzi uliobaki, mfumaji humrudishia aliyeuleta, hata uwe wa urefu wa kiganja.

Basi homa ikaingia mjini. Bibi Irini, mjane tajiri, akafiwa na mwanawe wa pekee, akampelekea Pisenti uzi wa zambarau. Pisenti akafuma njiwa wazuri ajabu. Kanzu ilipokwisha kupelekwa tu, binti yake Tekla, wa miaka saba, naye akakata roho. Masikini! Nyumbani mlikuwa na kitani kitupu, na kidonge cha uzi ule wa Bibi Irini uliobaki.

Mkewe akakishika. "Baba Tekla, njiwa mmoja tu, mdogo. Mwanangu azikwe kama mtoto asiye na kwao? Nani atajua?"

"Si wetu, mama Tekla."

"Kumbe unaupenda uzi kuliko mtoto!"

Neno lile likamkata maini. Akauona mkono wake mwenyewe unaukimbilia ule uzi, akaiogopa nafsi yake. Akauchukua, akatoka mbio, akamkabidhi bawabu wa Bibi Irini, akarudi bila kuutaja msiba wake. Alasiri ile Tekla akazikwa na kitani kitupu, na mkewe hakumtazama mumewe usoni.

Siku ya tatu habari zikamfikia Bibi Irini. Akaja kwa miguu, uzi mkononi, analia.

"Pisenti ndugu yangu, mbona hukusema? Nami nimezika wangu. Ungeniomba, ningekunyima?"

Pisenti akauonyesha ule uzi kwa kidole.

"Bibi, nilikuwa napigana na nafsi yangu nisiibe. Kuomba hakukunijia akilini kabisa."

Ndipo mkewe akamshika mkono, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, wakalia wote watatu.

Enyi wapenzi, Mola hahitaji nakshi ili ampokee mtoto, na uaminifu wa baba yake hakuusahau. Lakini sisi tulio hai, jamani, majaribu yakitubana tusijifungie nayo ndani. Tukabishe hodi kwa jirani, mapema, kabla kaburi halijafukiwa.